Sura ya Sita: Sauti, Pumzi na Miguu

Je, mshindani wa kuimba acheze, au asimame tu aimbe? Swali hili huulizwa kila panapotangazwa shindano, liwe la wanafunzi wa sekondari, la kata, au la televisheni kama Bongo Star Search. Mwalimu wa kwaya atasema asimame, maana sauti ndiyo inayopimwa. Rafiki zake watasema acheze, maana watu hawaji kutazama mlingoti. Wote wawili wamewahi kuona ushahidi wao: msichana aliyeruka mpaka kiitikio kikamshinda, na kijana mwenye sauti safi aliyetoka mapema kwa sababu hakuna aliyemkumbuka.

Sura hii inaeleza jinsi onyesho la shindano linavyopangwa, kwa mifano inayopatikana Kibaha, Kisarawe na ukanda wote wa Pwani. Maneno mawili yataanza. Koreografia ni mpangilio wa hatua, mikono na nafasi za wachezaji uliotungwa mapema, ili kila mara uchezwe vilevile. Upangaji wa jukwaa ni kitu kipana zaidi: nani aingie kutoka wapi, asimame wapi, atazame wapi, avae nini, ashike nini, na aondoke vipi. Mtu anaweza kuwa na upangaji mzuri wa jukwaa bila hatua hata moja ya kucheza. Kinyume chake hakiwezekani.

Pumzi ndiyo inayoamua

Chini ya mapafu kuna msuli mpana uitwao kiwambo. Ukishuka, hewa huingia. Ukipanda, hewa hutoka. Mwimbaji kazi yake kubwa ni kuuzuia usipande haraka, ili hewa itoke kidogo kidogo na mstari mzima wa wimbo uimbwe kwa pumzi moja. Miguu inataka kinyume chake. Mtu anayeruka anahitaji kuvuta na kutoa hewa haraka, na kila anapotua, kishindo husukuma hewa nje bila ruhusa yake. Ndiyo maana sauti ya anayeruka hukatikakatika hata kama amefanya mazoezi mwaka mzima. Tatizo hapo ni mpangilio, wala si uvivu.

Si kila mchezo unakula pumzi sawa. Kuruka, kupiga magoti na kuinuka, na kukimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine ndizo hatua za gharama. Kutembea kwa mdundo, kugeuka robo, mikono na mabega ni za bei nafuu. Kukata mauno taratibu ni nafuu kuliko watu wanavyodhani: nyonga na magoti hufanya kazi huku kifua kikibaki kimetulia, na kifua kikitulia, sauti hutulia. Hicho ndicho walichokigundua zamani wanawake wa Pwani wanaoimba na kucheza usiku kucha kwenye shughuli.

Kipimo chake ni rahisi. Mshindani acheze hatua anazotaka huku akisema kwa sauti sentensi ndefu, bila kuimba. Akilazimika kukata sentensi katikati, hatua hizo ziende kwa wachezaji wengine, au zihamishiwe mahali ambapo haimbi.

Ngoma ilikwisha kugawa kazi

Wenyeji wa Kisarawe na sehemu kubwa ya Kibaha ni Wazaramo, wakiwa jirani na Wakwere upande wa Bagamoyo. Ngoma zao, kama mdundiko na vanga, zina mpango wa kazi ambao mtungaji wa onyesho la kisasa angelipia fedha kuupata. Mwimbishaji hutoa mstari. Waitikiaji humpokea. Wapigaji hubeba mdundo. Wachezaji hutangulia au huzunguka. Wakati waitikiaji wanapokea, mwimbishaji anavuta pumzi, na hapo ndipo naye huingia kucheza kidogo. Mstari wake ukifika, hurudi kwenye kuimba. Hakuna mtu mmoja anayebeba mizigo yote minne.

Vijana wengi wanaoingia mashindanoni hufanya kosa la kuuacha mpango huu. Wametazama video ya msanii mkubwa anayecheza na kuimba kwa wakati mmoja, wakasahau kuwa kwenye video sauti ilirekodiwa studio siku nyingine, akiwa amesimama wima.

Hata hivyo, ngoma haihami kutoka uwanjani kwenda jukwaani bila kurekebishwa. Mdundiko ni ngoma ya kutembea: wapigaji wananing'iniza ngoma, umati unafuata, na tangu zamani watoto wa uswahilini wamekuwa wakionywa wasiufuate wakapotea. Ngoma nyingine huchezwa kwa duara, watazamaji wakiwa pande zote. Ngoma za aina hiyo hazina mbele wala nyuma. Jukwaa la shindano lina mbele moja tu, na huko mbele ndiko waliko majaji na meza yao. Mchezaji aliyelelewa kwenye duara huwapa mgongo majaji nusu ya wimbo, na mwenyewe hajui.

Dawa zake zinajulikana. Duara hufunguliwa likawa nusu duara, uwazi ukitazama majaji. Mwendo wa mdundiko hutumika kuingilia: kundi linatokea pembeni ya jukwaa likitembea, mwimbaji akiwa wa mwisho, na mstari ukifika katikati unapasuka kumpisha. Mwingilio huo una nguvu kuliko moshi wa mashine, na hauna gharama. (Moshi wa mashine, kwa jumla, ni fedha iliyopotea: uwanjani upepo unaupeleka kwa mama lishe, na ukumbini unamkausha koo mwimbaji.)

Somo kutoka kwenye halaiki

Kuna shule nyingine ya upangaji ambayo karibu kila mtoto wa Tanzania ameiona: halaiki, yaani mamia ya wanafunzi wanaocheza na kuunda maumbo uwanjani katika sherehe za kitaifa. Uzinduzi wa mbio za Mwenge wa Uhuru, ambao mwaka 2025 ulifanyika tarehe 2 Aprili katika viwanja vya Shirika la Elimu Kibaha, ni mfano wa sherehe zinazokuwa na maonyesho ya namna hiyo. Halaiki ni kinyume cha ngoma ya duara. Ina mbele, tena mbele moja, nayo ni jukwaa kuu. Kila umbo hupimwa kwa jicho la anayekaa pale.

Mshindani wa wimbo anaweza kuchukua mambo matatu kutoka halaiki. La kwanza ni alama za chini. Kila mtoto wa halaiki anajua mahali pake kwa chokaa au kwa hatua alizohesabu, wala habahatishi kwa macho. La pili ni kwamba umbo linaonekana wakati wa kutulia. Wachezaji wanne wakihama bila kusimama, mtazamaji haoni umbo lolote, anaona vurugu. Wakisimama hata kwa mapigo manne, jicho linapata picha.

La tatu ni sauti inayochelewa. Sauti husafiri hewani karibu mita 340 kwa sekunde. Mtoto aliyesimama mita 34 kutoka kwenye spika husikia mdundo ukiwa umechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, ambapo pigo moja huchukua nusu sekunde, huo ni ucheleweshaji wa moja ya tano ya pigo, na jicho huuona. Kwa singeli, inayokwenda mapigo 200 na zaidi kwa dakika, ucheleweshaji huohuo unafika theluthi ya pigo, na hapo wachezaji huonekana kama wanafuata wimbo tofauti. Jukwaani umbali ni mdogo, lakini shindano la uwanjani mara nyingi huwa na spika zilizowekwa mbali mbele, zikiwatazama watu. Wachezaji husikia mwangwi badala ya mdundo. Mafundi mitambo huweka spika ndogo jukwaani zinazowatazama wasanii, ziitwazo monita. Kama hakuna monita, mchezaji mmoja wa mbele apewe kazi ya kuhesabu, na wengine wamfuate yeye kwa macho, si spika.

*Kwa ufupi:* ngoma inafundisha kugawa kazi. Halaiki inafundisha kuwa na mbele.

Bendi na mashindano ya zamani

Kushindana kwa nyimbo na mavazi si jambo lililoletwa na televisheni. Mwanzoni mwa karne ya 20 vyama vya beni vilishindana katika miji ya Pwani kwa tarumbeta, sare na gwaride. Mjini Dar es Salaam makundi ya Marini na Arinoti yalikuwa na mashabiki kama timu za mpira. Miaka ya 1990 ushindani ulikuwa wa Tanzania One Theatre ya John Komba na Muungano ya Norbert Chenga, ambako taarabu ilichanganywa na ngoma, sarakasi na maigizo katika onyesho moja.

Kwa mshindani wa leo, mfano wenye faida zaidi unatoka kwenye muziki wa dansi. Bendi kama African Stars, maarufu Twanga Pepeta, zilipanga wimbo katika sehemu mbili. Kwanza waimbaji husimama kwenye maiki na kueleza kisa chote kwa utulivu. Kisha mdundo unachemka, magitaa yanachukua nafasi, rapa anaita, na wanenguaji, yaani wachezaji wa bendi, ndio wanaotawala jukwaa. Kuimba kwanza, kucheza baadaye: kwa mpango huo hakuna aliyewahi kukosa pumzi.

Shida ni muda. Wimbo wa bendi unaweza kwenda dakika nane au zaidi, ilhali shindano hutoa mbili au tatu. Eurovision, shindano kubwa la nyimbo la Ulaya, limeweka wazi mipaka hiyo katika kanuni zake: wimbo usizidi dakika tatu, jukwaani wasizidi watu sita, na sauti ya mwimbaji mkuu iimbwe papo hapo. Hata nchi tajiri, zenye taa na skrini za mamilioni, zinarudi kwenye hesabu ileile ya watu sita na dakika tatu. Kwa hiyo mpango wa bendi hupunguzwa badala ya kuachwa: chemko la dakika nne hugeuka kuwa la sekunde ishirini, likawekwa kabla ya kiitikio cha mwisho.

Kuhesabu dakika tatu

Walimu wa kucheza huhesabu moja mpaka nane, kisha wanaanza upya. Kila duru huitwa nane. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika, mwendo wa kawaida wa bongo fleva, una mapigo 300 katika dakika tatu, yaani nane 37 na mabaki. Nane moja ni chini kidogo ya sekunde tano. Mshindani anayelia kuwa hana muda wa kutunga onyesho ana nane 37 tu za kujaza, na nyingi kati yake hazihitaji hatua yoyote.

Mgawanyo mmoja unaofaa wimbo wa aina hiyo ni huu:

- Utangulizi, nane 2: kundi linaingia, mwimbaji hajatazama watu bado.
- Ubeti wa kwanza, nane 8: mwimbaji peke yake mbele, wachezaji wametulia nyuma, au hawajaingia kabisa.
- Kiitikio, nane 4: hatua rahisi ya wote, ambayo watazamaji wanaweza kuiiga.
- Ubeti wa pili, nane 8: mwimbaji anahamia upande, mchezaji mmoja au wawili wanaigiza maneno.
- Kiitikio, nane 4: hatua ileile, umbo tofauti.
- Ala tupu, nane 4: hapa ndipo pa kuruka, mauno na jasho.
- Kiitikio cha mwisho na mkia wake, nane 7: wachezaji wanaendelea, mwimbaji anapunguza miguu na kuachia sauti.

Wepesi wa kuharibu mgawanyo huu uko kwenye ala tupu. Mwimbaji akicheza nane zote nne kwa nguvu, ataingia kwenye kiitikio cha mwisho akihema, na hicho ndicho majaji watakachokumbuka wanapoandika alama. Acheze tatu. Ya nne avute pumzi, akitembea kwenda mahali pake.

Kwa singeli hesabu hubadilika. Mapigo 200 kwa dakika yanazaa nane 75, na hakuna anayeweza kutunga hatua kwa kila pigo. Wachezaji wake hukanyaga kila pigo la pili, huku mikono na mabega yakifuata ule mwendo wa haraka. Anayejaribu kuhesabu kila pigo huchoka kichwa kabla ya miguu.

Mbao, maiki na kanga

Mazoezi mengi hufanyika uwanjani au nyuma ya nyumba, juu ya mchanga. Mchanga hupokea mguu na kuunyonya. Anayegeuka huteleza kidogo, na mwili huzoea kuongeza nguvu. Siku ya shindano jukwaa ni la vyuma na mbao. Mbao hazinyonyi: zinarudisha mguu juu, zinaitika kama pipa, na wachezaji wanne wakitua pamoja, kisimamio cha maiki kinatikisika na kishindo kinaingia kwenye spika. Hatua zilizotungwa mchangani huonekana za kupita kiasi zikifika kwenye mbao. Wenye busara hufanya angalau mazoezi ya mwisho juu ya sakafu ngumu, darasani au kwenye ukumbi wa kanisa, wakiwa wamechora chini kwa chaki ukubwa wa jukwaa halisi. Vipimo vyake huulizwa kwa waandaaji mapema. Kundi lililozoea uwanja mzima likikuta jukwaa la mita tano kwa nne, viwiko vinakutana.

Maiki ya mkononi ndiyo inayoamua mkono upi ucheze. Ishikwe kwenye shingo yake, karibu na mdomo, na kiganja kisifunike kichwa, kwani kukifunika huifanya sauti iwe ya puani na spika kupiga mluzi. Mluzi huohuo hutokea msanii akishusha mkono huku maiki ikitazama monita. Kwa hiyo kila hatua ya kuinama hutungwa pamoja na mahali maiki itakapokuwa. Kama koreografia inataka mikono yote miwili, maiki iwe kwenye kisimamio, na kisimamio kiwe na mtu wa kukiondoa.

Mavazi yana kazi ya kuonekana kutoka mbali. Kanga inayofungwa chini kwenye nyonga, kama wafungavyo wachezaji wa vanga, huuonyesha mzunguko wa kiuno hadi kwa mtu wa mstari wa nyuma. Kanga hiyohiyo ikifungwa juu ya kiuno, mchezo wote unapotea. Dera linapendeza kwa wimbo wa taratibu, lakini linafunika magoti, na anayepanda ngazi za jukwaa na maiki mkononi hulikanyaga. Wachezaji wavae rangi moja, mwimbaji rangi nyingine, jicho lisihangaike kumtafuta.

Mbele ya majaji, mbele ya kamera

Hatua za mwanzo za Bongo Star Search, shindano lililoanzishwa na Rita Paulsen, anayejulikana kama Madam Ritha, humweka kijana mbele ya majaji bila ala. Walter Chilambo, mshindi wa 2012, na Kayumba Juma, mshindi wa 2015, ni matunda ya shindano hilo. Katika hatua ya sauti tupu kucheza hakuna kazi. Kinachotakiwa ni kujua mikono iko wapi, macho yanatazama nani, na uzito wa mwili uko miguu yote miwili badala ya mmoja unaotetemeka. Onyesho kamili huja baadaye, zinapoingia ala na watazamaji. Tusker Project Fame ya Nairobi, ambayo ilikuwa na washindani kutoka nchi kadhaa za Afrika Mashariki, akiwemo Peter Msechu wa Tanzania mwaka 2010, iliwaweka washindani katika nyumba moja wakifundishwa, na kila wiki wakapanda jukwaani na wimbo mpya. Ratiba ya namna hiyo haimpi mtu nafasi ya kutunga hatua nyingi, kwa hiyo anayejua kutumia chache vizuri hudumu zaidi.

Kamera hubadilisha mambo kiasi. Uwanjani mkono lazima unyooke wote ili uonekane. Kwenye kamera ya karibu, nyusi zinatosha. Kamera inayorusha picha kwa wakati huo kwa kawaida huwa na taa ndogo nyekundu, na msanii aliyezoea huitazama katika mstari mmoja au miwili muhimu, kisha hurudi kwa watu. Kuikodolea macho wimbo mzima kunatisha.

Kuondoka

Mwisho wa wimbo hutungwa kama mwanzo. Wachezaji hubaki katika umbo la mwisho mpaka mlio wa mwisho wa ala uishe kabisa, kisha nane moja zaidi, hata makofi yakianza mapema. Mwimbaji hasemi "asante" katikati ya mlio huo. Maiki hairushwi wala haizimwi na msanii. Hurudishwa kwenye kisimamio au hukabidhiwa kwa mshehereshaji mkononi. Kila kilicholetwa jukwaani, kiwe ungo, kiti au kanga iliyodondoka, kina mtu aliyepangiwa kukitoa, kwa kuwa anayefuata ataingia hapohapo. Kundi hutoka kwa upande mmoja, mwimbaji akiwa wa mwisho, na maoni ya majaji husikilizwa akiwa ameshapata pumzi.